Upande Wako wa Kushoto

Nafula mwanangu,

Hatakuja. Naanza na hilo kwa sababu najua ukishika barua hii utaruka mistari ukitafuta jibu, vile unavyofanya na kila kitu. Nimetoka kwa Mama Perpetua huko Mowlem jioni hii. Nilikaa kitandani pake, maana kiti ni kimoja na alikuwa amekikalia yeye. Nikamwomba kwa upole, nikamwomba kwa ukali, nikarudi kwa upole. Amekataa. Kesho tukisimama mlangoni mwa kanisa kabla ya misa yako ya kuagwa, mimi nitakuwa kulia kwako, na kushoto, mahali ambapo baba yako angesimama kama angekuwa hai na ambapo uliniomba asimame mama yako wa ubatizo, hapatakuwa na mtu. Usigeuze shingo kumtafuta. Nitaiweka barua juu ya sanduku lako uisome kabla hujavaa.

Mambo ya sweta na malapa na dawa yako ya kifua sitayaandika. Shangazi yako ameyasema wiki nzima na atayasema tena mpaka gari la masista liondoke. Mimi nataka kukueleza kwa nini mwanamke aliyekushika ukimwagiwa maji ya ubatizo hawezi kutembea nawe hadi altareni siku unayoenda utawani. Sehemu moja unaijua, ulikuwepo. Nyingine hukuijua kwa sababu kila ukiniuliza nilikwambia nina kazi, ukaenda kuwauliza wengine, na wengine wakakueleza walivyopenda.

Hujui, kwa mfano, kwamba tulianzia ng'ambo ile. Nilipotoka Bungoma na baba yako, hatukufikia nyumba hizi za kaunsili. Tulifikia mabati, ng'ambo ya mtaro, mlango uliotazamana na wa Perpetua. Nilikuwa na cherehani ya kukodisha na sina pa kuiweka, chumba chetu kilijaa kitanda na jiko. Perpetua akaniambia niiweke chini ya ukingo wa paa lake. Mvua ikinyesha alitoka na turubai kuifunika kabla hata mimi sijatoka. Nilishonea hapo sare za shule mpaka nikapata kibanda soko la Jericho, na kutoka kibanda nikapata nyumba hii. Sikupewa na mtu, nilikata na kushona. Nasema hivyo kila mara, umechoka kunisikia. Lakini ule ukingo wa paa nilikuwa siutaji.

Sasa, jumuiya yetu ya sala. Unakumbuka Mtakatifu Anna ilivyokuwa kubwa. Familia arobaini na nne, za huku na za ng'ambo pamoja, na kila Jumamosi asubuhi tunasali nyumba ya mmoja wetu kwa zamu. Chumba cha mbele cha nyumba hizi, ukitoa meza nje, kinameza watu kumi na watano, labda kumi na wanane kama ni watu wanaopendana. Waliobaki walisimama kwenye korido. Zamu ikiwa ya watu wa ng'ambo tulikaa nje, kwenye benchi za kuazima, watoto wanapita katikati na kuku nao. Nilikuwa mwenyekiti. Ilinikera. Siwezi kukudanganya kwamba ilinikera kwa sababu takatifu.

Kanisa lenyewe linasema jumuiya ikizidi izae nyingine. Kwa hiyo nilipopendekeza tugawanye, hakuna aliyeshangaa. Niliambiwa nipange mimi, maana mimi ndiye mtu wa vipimo. Nilipiga hesabu mezani pa kukatia nguo. Ukifuata mtaro, huku zinabaki ishirini na mbili, ng'ambo ishirini na mbili. Haikubaki hata nyumba moja ya kubishania. Nilifurahi kama mtu aliyekata suruali mbili kwenye kitambaa cha suruali moja. Sisi tukabaki Mtakatifu Anna, wao wakaitwa Mtakatifu Yoakimu. Paroko alinisimamisha katikati ya misa akasema parokia nzima ijifunze kwetu. Watu walipiga makofi, Nafula. Walipiga makofi. Nataka ulikumbuke hilo, kwa sababu baadaye kila mtu alidai alikuwa mgonjwa siku hiyo.

Perpetua alikuja sokoni kesho yake akacheka mpaka akashika meza.

"Mama Nafula, umewapa talaka nyanya na babu yake Yesu."

Nikacheka na mimi. Kisha akachukua kipande cha kitambaa akawa anakikunja kunja.

"Lakini walimu wote wamebaki kwa Anna," akasema. "Na yule karani wa korti. Na kiti cha kamati ya Haki na Amani. Huku kwetu tumebaki na watu wa mjengo na sisi wafuaji wa nguo."

"Mtaro ndio uko pale, Perpetua. Sikuuchimba mimi."

"Mtaro haujui kuhesabu, dada. Wewe ndiye unajua."

Nilikasirika siku mbili. Niliona kama anataka tuendelee kuwabeba. Niliona kama hakuna aliyenibeba mimi.

Jumuiya mpya haiwi jumuiya kamili mpaka Paroko aje kuizindua kwa misa. Kabla ya hapo haina mwakilishi kwenye kamati yoyote ya parokia. Paroko alisema uzinduzi utakuwa baada ya Pasaka, kwa sababu Kwaresima si wakati wa sherehe, na hilo lilikuwa sawa kabisa kwa utaratibu. Mimi naupenda utaratibu. Bila utaratibu hata sare ya chekechea haishoneki.

Ikawa ndani ya Kwaresima hiyo ndipo Perpetua aliporudi sokoni na karatasi. Hakucheka. Karatasi kama hiyo zilikuwa zimebandikwa kwenye milango yote ya ng'ambo, zikisema nyumba ziko juu ya njia ya bomba la maji machafu na watu wahame. Unaikumbuka kamati ya Haki na Amani, waliokuwa wakivaa fulana siku ya maandamano ya amani. Kamati ile ndiyo ingemfikia wakili wa jimbo la Kanisa, na wakili angeenda kortini. Sisemi angeshinda. Nasema hakuulizwa. Na kwenye kamati ile, kiti cha jumuiya yetu nilikikalia mimi.

"Ipeleke kikao cha Jumapili," Perpetua akasema.

"Ipitie kwa mwakilishi wenu."

"Mwakilishi gani? Si hatujazinduliwa."

"Mwambie Katekista awape wa muda."

"Katekista amesema nikuulize wewe."

"Mimi ni wa Anna, Perpetua. Nikisimama na mambo ya Yoakimu wataniambia nataka kuongoza jumuiya mbili."

Akaikunja karatasi mara nne. "Sawa, mwenyekiti," akasema. Miaka yote hiyo alikuwa akiniita dada, au Mama Nafula. Kuniita mwenyekiti ilikuwa mara ya kwanza.

Sikuwa na nia mbaya. Nimelirudia hili kichwani mpaka limelainika kama sarafu. Nilikuwa na wateja wawili wananisubiri, na nilidhani kwa kweli kwamba mambo yangefuata mkondo wake, Katekista angempigia mtu, mtu angempigia mwingine. Nimegundua kila mmoja kwenye mkondo ule alidhani hivyo hivyo. Katekista alidhani nimelishika mimi. Paroko alidhani Katekista. Kila mtu alikuwa safi.

Ile Jumamosi unaijua. Tulikuwa kwa Mwalimu mstaafu, na vile vitabu vya kampeni ya Kwaresima mikononi. Watu wamelipamba baadaye wakasema tulikuwa tukisoma kuhusu makao ya maskini wakati tingatinga linabomoa. Si kweli. Wiki hiyo somo lilikuwa vijana na dawa za kulevya. Sihitaji kupambiwa, ya kweli yananitosha. Ya kweli ni kwamba mlio ulianza tukiwa kwenye injili, mabati yakilia kama mtu anayekokota sufuria kubwa juu ya sakafu ya saruji, na mimi ndiye niliyeinuka nikafunga dirisha ili msomaji asikike.

Wewe ulisimama. Ulikuwa kidato cha pili. Nikakushika sketi kwa nyuma.

"Keti tumalize."

"Mathe, ni kwa kina Mama Perpetua."

Ukachomoka. Nami, mwanangu, nilichukizwa zaidi na kuitwa Mathe, Kisheng chako hicho, mbele ya Mwalimu kuliko na ule mlio. Mtu anajua moyo wake umekaa wapi kwa vitu vidogo kama hivyo. Tulimaliza. Tulifika hata kwenye nia za maombi, na Mwalimu akaomba kwa ajili ya jirani zetu wenye shida, na tukaitikia, na dirisha bado limefungwa.

Nilipofika ng'ambo ulikuwa unabeba mabati na vijana wa huko, umefunga kitambaa cha kichwa mikononi. Perpetua alikuwa ameketi juu ya godoro katikati ya njia, ameshika kuku miguu. Alinitazama, akawatazama watu wa Anna waliokuwa nyuma yangu, na akasema, bila ukali, "Mmemaliza sala?"

Nikajibu, "Ndiyo." Sijui kwa nini nilijibu.

Baadaye kanisa lilifanya mengi, nikuambie ukweli. Ukumbi ulifunguliwa. Misa ilisomwa kwenye vifusi, na Paroko alilia machozi ya kweli. Blanketi zilikuja kutoka parokia nyingine mpaka zikazidi watu. Watu walihitaji mtu mmoja kabla, wakapata blanketi mbili kila mmoja baada. Na zile familia ishirini na mbili zikatawanyika. Yoakimu haikuzinduliwa kamwe. Nimezitafuta, jambo hili hulijui. Kila ninapoenda Eastleigh kununua vitambaa napitia kwa mtu, naulizia. Saba wako Mowlem na Dandora. Watano walirudi mashambani. Wengine saba wametapakaa, Kayole, Njiru, mmoja yuko Thika anachunga lango. Kumi na tisa najua waliko. Tatu sijui. Hizo tatu hunirudia hata nikiwa nakata kola.

Mwaka uliofuata jumuiya ilichagua mwenyekiti mwingine. Hakuna aliyeniambia kitu usoni. Nilisikia tu kwamba lile jambo lina jina, linaitwa mipaka ya Mama Nafula. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na usiku huu sitajifanya limeisha. Nilichora mstari, ndiyo. Lakini mkono uliochora haukuwa mmoja. Waliopitisha walikuwa baraza zima la parokia, waliofurahi kupata nafasi ya kukaa ni Anna yote. Mwalimu bado anasoma somo la kwanza kila Jumapili kwa sauti yake nzuri. Wote wameweka mzigo kwa fundi mmoja wa nguo, wakanawa mikono. Nina kosa langu na nalijua kimo chake. Ya wengine sitayabeba.

Kwa hiyo uliponijia kibandani ukaniambia unataka kuwa mtawa, hukuniona nikiinua kichwa. Niliendelea kukanyaga cherehani mpaka nikashona mfuko wa shati la mtu ukazibwa kabisa.

"Kanisa hili hili?" nikakuuliza.

"Hili hili, mama."

"Umeona lilivyofanya, na bado?"

"Nimeona tulivyofanya," ukasema. Tulivyofanya. Ukajiweka ndani, wewe uliyekuwa mtu pekee aliyetoka nje. Nilitaka kukupiga na nilitaka kukupigia magoti, na kwa kuwa siwezi yote mawili kwa pamoja, nikakuambia unisogezee mkasi.

Hujanisikia nikisema ndiyo. Najua umeingoja. Naogopa, Nafula. Siogopi kwamba watakutesa, masista wale wanaonekana watu wazuri. Naogopa utazoea. Utapewa kazi za kugawa, kwa sababu una kichwa changu na watakigundua upesi. Utagawa vitanda, madarasa, zamu, unga wa msaada. Na kugawa kuna utamu wake, vitu vinapolingana mtu anahisi ametenda haki. Mimi nilihesabu nyumba. Sikuhesabu nani anajua kuandika barua, nani ana simu ya wakili, nani akikosa kazi Jumamosi moja watoto hawali. Kama ningehesabu hayo, mtaro usingekuwa mahali pa kukatia. Ningekata upande mwingine, kutoka kwa Mwalimu kushuka mpaka kwa Perpetua, na kila upande ungepata walimu wake na wafuaji wake. Mstari huo ulikuwepo siku zote. Ulikuwa na kona nyingi tu, na mimi nilitaka ulionyooka.

Na siku mtu atakapokuja na karatasi mkononi, ukataka kumwambia aipitishe kwa anayehusika, mshike mkono uende naye mpaka umwone huyo anayehusika kwa macho yako. Kama hayupo, basi ni wewe. Sina ushauri mwingine mkubwa kuliko huo, na huo wenyewe nimeupata umechelewa.

Sasa nikueleze ya leo. Perpetua anakaa chumba kimoja ghorofa ya nne, anafua nguo za watu wa jengo lile. Alinifungulia akaniangalia kutoka kichwani mpaka viatu.

"Umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukuomba."

"Basi kaa. Chai nimeweka, lakini usidhani ni yako."

Ilikuwa yangu. Nikamwambia kuhusu kesho, kwamba unaenda Kitale kwa masista, kwamba wewe mwenyewe umemtaja kwa jina. Niliona amefurahi, akageukia jiko ili nisione. Halafu akasema hapana.

"Unamkatalia mtoto kwa ajili yangu," nikamwambia.

"Usijipe ukubwa. Wewe nilikusamehe zamani, ulikuwa umechoka tu na ulikuwa mjinga."

"Basi nini?"

"Nikipita katikati ya lile kanisa, mimi na wewe na mtoto, watafanya nini?"

Nikaweka kikombe sakafuni.

"Watapiga makofi," akasema. "Watu wako wanajua kupiga makofi. Watatutazama na kusema, ona, yameisha, Mungu ni mwema. Na hayajaisha, Mama Nafula. Hakuna mtu wa parokia ile aliyesimama akasema tulifanya hivi na hivi. Walileta blanketi. Mimi sitaenda kuwa blanketi yao."

Nikajaribu ukali. Nikamwambia nafasi kama hii hairudi. Akasema hata nyumba hairudi. Nikajaribu upole. Akanisindikiza mpaka ngazini, akashika mkono wangu, na akasema ukipata likizo yako ya kwanza uende kwake kwanza, kwangu baadaye. Nimekubali. Nilikuwa sina uwezo wa kukataa kitu.

Nilipofika nyumbani Paroko akapiga simu, shangazi yako, niliyempigia njiani, alikuwa amekwisha kumwambia. Alikuwa mpole sana. Akasema nisiwe na wasiwasi, mwenyekiti wa kina mama atavaa sare yake na kusimama kushoto kwako, kusibaki pengo.

"Hapana, Padri," nikasema.

"Mama, itaonekana vibaya."

"Itaonekana ilivyo."

Akasema tutaongea asubuhi. Nikamwambia asubuhi tutakuwa tunatembea, na kwamba watu wakiniuliza mwenzangu yuko wapi nitawajibu, kwa sauti ya kawaida, mbele yake. Nitasema alikuwa wa Yoakimu, na nitasema ni nani waliochora ule mstari, nikianza na mimi na nikiendelea mpaka nimalize. Sijui kama ataniruhusu kuketi mbele baada ya hapo. Huenda siku yako nitaiharibu. Nimefikiria hilo zaidi ya mambo yote usiku huu, na ndiyo maana nakuambia mapema, ili kama hutaki uje uniambie. Nitakusikiliza. Lakini nadhani hutakuja.

Kuhusu ile ndiyo yangu, kesho nitatembea nawe mpaka mwisho wa kanisa. Nguvu niliyo nayo kwa sasa inafika hapo.

Tukianza, tembea polepole na usinisogelee. Mtu akiwa na nafasi wazi kando yake huanza kupinda kuelekea aliko mwenzake, bila kujua. Wewe nyooka, acha upana wa mtu mmoja kushoto kwako tangu mlangoni. Kuna atakayeshindwa kuvumilia, nadhani atakuwa shangazi yako, atatoka kwenye benchi lake na kuja mbio kukushika mkono. Usimkaripie. Mwambie tu, vile tunavyowaambia watu wanaotaka kukaa kwenye kiti kisicho wazi, kwamba hapa kuna mtu.

Mama yako anayekungoja sebuleni, amekwisha kuvaa.